Gede Haikupotea

Katika kikao cha chama chetu cha mwezi Mei, hapa Midrand, mwenzetu mmoja alituonyesha picha za Tulum, mji wa kale wa Wamaya kwenye pwani ya Meksiko. Alikuwa akiandaa kazi ya darasani kuhusu utalii. Alitueleza kwamba mgeni aliyelala hotelini Cancún hupanda basi asubuhi, huenda kusini kilomita kama 130, na kabla ya chakula cha mchana huwa amekwisha kusimama mbele ya ukuta wa mji uliostawi kati ya karne ya 13 na ya 15. Hupiga picha, huoga baharini chini ya jabali, na jioni huwa amerudi hotelini. Alipomaliza, mwenzetu akafunga kompyuta yake na kusema maneno yaliyotuchoma: "Sisi hatuna kitu kama hiki."

Tulikuwa watu kama ishirini chumbani, wa Kenya, Tanzania, Kongo na Uganda, pamoja na Waafrika Kusini wanaojifunza lugha yetu. Kwa muda hakuna aliyejibu. Kisha dada mmoja mzaliwa wa Malindi akasema taratibu, "Tunacho. Ni mwendo wa nusu saa tu kutoka kwetu. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kuingia."

Makala haya yametokana na jibu hilo. Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika, wanne miongoni mwetu tuliokuwa tunakwenda Kenya tuliamua kufika Gede, mji wa mawe ulio kati ya Malindi na Watamu, na kuwaletea wanachama habari zake. Tulidhani tutaandika namna ya kufika na yanayoonekana huko. Tulirudi na swali lililotusumbua zaidi: ni nani aliyesema kwamba mji huu ulipotea, na ulimpotea nani?

Barabara ya Gede

Tuanze na njia. Kutoka Johannesburg ndege hufika Nairobi kwa muda wa saa nne hivi. Nairobi hadi Mombasa tulipanda treni ya reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, na Mombasa tukapanda matatu ya Malindi. Barabara hiyo ni darasa la historia kwa anayeangalia dirishani. Unavuka daraja la Nyali, unapita Mtwapa, ambako kuna mahame mengine ya Waswahili yaliyojificha nyuma ya maduka na nyumba za kupanga, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo. Hori ya Kilifi unaivuka juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalingoja feri, na wazee wa pwani bado wanasimulia foleni zake. Baada ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuandama upande wa kushoto, na upande wa kulia, usipouona, iko hori ya Mida yenye mikoko. Kisha makanga anapiga ubavu wa gari: "Gede! Wa Gede na Watamu!"

Anayekaa Malindi yuko kilomita kama 16 kaskazini ya hapo. Atapanda matatu yoyote inayokwenda Watamu au Mombasa na kushuka njia panda ya Gede. Anayekaa Watamu yuko karibu zaidi, na tuktuk humfikisha kabla chai haijapoa. Kutoka njia panda mpaka lango la magofu unaweza kutembea kwa miguu, au ukapanda bodaboda ikiwa jua ni kali. Njia ni hiyo tu, haina ugumu wowote.

Lakini wageni wengi hawafiki hivyo. Malindi na Watamu ni miji ya hoteli. Waitaliano walianza kuizoea Malindi miaka ya 1960, serikali yao ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na leo wauza vinyago wa Malindi hujadiliana bei kwa Kiitaliano bila kubabaika. Watamu ilikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1968 bahari yake na ile ya Malindi zilifanywa hifadhi, na hoteli zikaota ufukweni. Mgeni wa hoteli huchukuliwa mlangoni kwa gari lenye kiyoyozi, huonyeshwa magofu kwa saa moja, hupelekwa kutazama vipepeo au nyoka, kisha hurudishwa kwenye bwawa la kuogelea. Gede kwake ni kituo kimoja cha asubuhi.

Na mwenyeji je? Tulimuuliza dada yetu wa Malindi kwa nini hakuwahi kuingia. Akatuambia kwamba shule yao iliandaa safari ya Gede alipokuwa darasa la sita, nyumbani ada ya safari haikupatikana, na alipokua akazoea kuwaona wazungu tu wakiingia na kutoka. "Nikajua ni mahali pao," alisema. Tuliandika maneno hayo daftarini kabla hatujaandika jambo lolote jingine.

Dereva wa tuktuk aliyetuchukua njia panda alitusikia tukizungumza, akageuka. "Nyinyi wageni wa wapi?"

"Tumetoka Afrika Kusini, kaka."

"Mbona mwasema Kiswahili?"

Tukacheka. Tukamweleza kwamba Midrand, mji wetu wa masomo, ndiko liliko Bunge la Afrika, na kwamba Kiswahili kina watu wake huko pia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema lakini anataka kuihakikisha kwanza.

Ndani ya ukuta

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, fungua uingie ndani. Milango ya Gede haina mbao tena, imebaki matao ya mawe yaliyochongoka juu, na mibuyu na mikuyu imeota katikati ya vyumba vya watu. Kima hutembea juu ya kuta kama wapangaji waliokwisha lipa kodi. Ardhi iliyozungushiwa ukuta wa nje inafika hekta 18 hivi. Ndani yake kuna ukuta wa pili, na ndani ya huo ndimo lilimo jumba la mtawala, Msikiti Mkuu, na nyumba kubwa za mawe.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikaezekwa kwa boriti za mikoko na zege la chokaa. Unaingia kwa daka, unafika uani, kisha vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Kuna vyoo vya ndani na mahali pa kutawadhia. Mmoja wetu, ambaye bibi yake anakaa Lamu, alisimama kwenye nyumba moja akaonyesha kwa kidole: "Hapa daka. Hapa uwanja. Hapa msana, hapa ndani. Hii ni nyumba ya bibi yangu." Hakuhitaji ubao wa maelezo.

Wanaakiolojia walizipa nyumba majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Simbi. Ukiyasoma majina hayo kwa mfululizo unaona ramani ya dunia iliyokwisha fahamiana. Na hili si la kushangaza kwa pwani hii, maana mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina.

Karibu na msikiti kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Tulikaa hapo muda mrefu. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo ya msalaba inayobeba jina lake bado inatembelewa pale ufukweni. Shuleni wengi wetu tulifundishwa historia ya pwani kuanzia nguzo hiyo. Kaburi la Gede limeitangulia safari ya da Gama kwa miaka 99, na aliyezikwa humo alizikwa katika mji uliokuwa na wenyewe, wenye msikiti, visima na mahakimu wake.

Juu ya tao la mlango mmoja wa Msikiti Mkuu umechongwa mkuki. Tuliutazama sana. Mji wa Kiislamu uliofanya biashara na dunia nzima uliweka juu ya mlango wa ibada silaha inayojulikana kila kijiji cha bara.

Kisha mzee aliyekuwa akituongoza akatuambia jambo ambalo hatukulisoma kwenye kibao chochote njiani. Kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje, alisema, ndiko walikokaa watu wengi. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti, zimeezekwa kwa makuti, na zote zimerudi ardhini. Watalii hupita juu yake bila kujua, wakielekea kwenye mawe. "Mawe ni ya matajiri," alisema. "Mji ulikuwa wa wote."

Tulipotoka langoni tukatazama upya kijiji tulichokipita asubuhi. Nyumba za udongo na miti, makuti juu, mama anatwanga, watoto wanafukuza kuku. Asubuhi tulidhani tunavipita hivi ili tufike Gede. Sasa tuliona kwamba kwa kiasi fulani tulikuwa tumekwisha fika.

Mji ulimpotea nani?

Kwenye matangazo ya hoteli Gede huitwa "mji uliopotea". Ni jina tamu kwa biashara. Tulilifuata nyuma kuona linatoka wapi.

Wareno walikaa Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, wakiwa marafiki wa mtawala wake, na katika maandishi yao hawataji mji kwa jina la Gede. Kwa kuwa historia iliyoandikwa kwa Kireno haikuujua, wengi walichukulia kwamba mji haukujulikana. Wapo wanaodhani kwamba jina lake la zamani lilikuwa Kilimani, na kwamba Wareno waliliandika kwa namna yao. Jina Gede lenyewe inasemekana ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani, nalo lilikuja baada ya mji kuhamwa. Hapo tulimkumbuka mwenzetu wa Tulum. Mji ule nao haukuitwa Tulum na waliouishi, kwa kuwa neno hilo la Kimaya lina maana ya ukuta au boma, na inaaminika kuwa zamani uliitwa Zama. Tofauti moja ni kwamba Wahispania waliuona Tulum kutoka merikebuni mwaka 1518 wakauandika, kwa kuwa ulikuwa juu ya jabali mbele ya bahari. Gede iko ndani, nyuma ya msitu. Anayepita na merikebu haioni.

Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliitangaza Gede kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria, na mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuchimba. Alifanya kazi hiyo miaka kumi. Tuseme ukweli: bila ya Kirkman vichochoro tulivyopita vingekuwa bado chini ya mizizi, na nyumba zile zisingekuwa na majina. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 kilikuwa na jina hili katika Kiingereza: mji wa Kiarabu wa Gedi. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, amekwisha ambiwa mji ni wa nani.

Wakati wote huo waliokaa kando yake walikuwa wakiujua. Wagiriama na majirani zao walipaheshimu mahali hapa kama makazi ya mizimu ya wenyeji wa kale. Mama mmoja aliyekuwa akiuza madafu karibu na lango alituambia kwamba alipokuwa mtoto walikatazwa kuingia kucheza. "Wazee walisema, hapo pana wenyewe," alisema. "Ukiingia, waingia kwa adabu." Tulimuuliza kama aliwahi kusikia kwamba mji huu ulipotea. Akatuangalia kwa huruma kidogo. "Upotee wende wapi, mwanangu? Si huo hapo?"

Ugomvi wetu, na mifupa ya Mtwapa

Hatutaki kuficha kwamba tuligombana. Usiku ule, nyumbani kwa kina dada Malindi, mmoja wetu alishikilia kwamba Kirkman hakukosea sana, maana dini, maandishi ya makaburini, na hata nasaba ambazo familia nyingi za pwani husimulia zinaelekea Uarabuni na Uajemi. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba hizo ni kasumba, kwamba lugha yetu ni ya Kibantu na kuta ni za matumbawe ya hapa hapa. Baba wa nyumba alisikiliza, akaombwa atoe hukumu, akasema atakula kwanza.

Ugomvi huu ni mzito kwetu kuliko unavyoonekana. Katika darasa la Midrand, mwanafunzi wa pwani akiambiwa kwamba mji wa babu zake ulijengwa na wageni, ameambiwa kwamba yeye ni mpangaji kwao. Na akiambiwa kwamba hana hata tone la mgeni, bibi yake wa Lamu ameambiwa kwamba ni mwongo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani pwani ya Afrika Mashariki na sehemu moja ya bara. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Mkenya Chapurukha Kusimba. Baadhi ya makaburi yalikuwa ya Mtwapa, pale pale matatu yetu ilipopita. Kwa wengi wa waliochunguzwa kutoka miji ya pwani, zaidi ya nusu ya asili yao ilikuwa ya Kiafrika, nayo ilipitia hasa upande wa mama. Upande wa baba ulionyesha kwa wengi asili ya Asia, hasa Uajemi, na mchanganyiko huo ulianza mnamo mwaka 1000.

Tulisoma matokeo hayo tukiwa bado tumenuniana, na kila mmoja akaona nusu ya ushindi wake na nusu ya kushindwa kwake. Wageni walikuja, hilo ni kweli. Lakini walikuja kwa watu, wakaoa kwa watu, na watoto wakakua na lugha ya mama zao. Lugha hiyo ndiyo tunayoandikia gazeti hili. Kusema mji ni wa Kiarabu kwa sababu baadhi ya mababa walitoka ng'ambo ni kuwafuta mama wote waliozikwa Mtwapa.

Hapa Kusini jambo hili si geni. Kuta za Zimbabwe Kuu walowezi walizihusisha na Wafoinike na hata Malkia wa Sheba, mradi zisiwe za Washona. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alisimama mbele ya wanasayansi waliokutana Afrika Kusini akaeleza kwamba ni kazi ya Waafrika, na wengi hawakumpenda kwa hilo. Na Mapungubwe, kwenye mpaka wa kaskazini wa nchi hii, ulikuwa mji wenye dhahabu hadi mnamo mwaka 1300. Mabaki yake yalipelekwa Chuo Kikuu cha Pretoria miaka ya 1930, pamoja na kifaru mdogo wa dhahabu ambaye leo kila mtoto wa shule anamjua. Chini ya ubaguzi wa rangi habari hizo hazikutiliwa mkazo madarasani, maana ziliipinga hadithi ya nchi tupu iliyongoja walowezi.

Maji yalipokwenda chini

Kwa nini watu waliondoka Gede? Mji ulihamwa katika karne ya 17, na sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja. Mwaka 1589 Wazimba waliishambulia pwani wakafika mpaka Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamishia kiti chake Mombasa, biashara ikamfuata. Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Sababu ya nne ndiyo iliyotugusa zaidi: maji. Visima vya Gede ni virefu, na katika kisima cha kando ya Msikiti Mkuu Kirkman aliona dalili kwamba watu walichimba zaidi kwenda chini, maji yalipokuwa yakiwakimbia.

Wakazi wa Johannesburg na Midrand wanaelewa habari hiyo bila mkalimani. Sote tumewahi kufungua bomba asubuhi likakohoa hewa, na tumepanga foleni na ndoo nyuma ya lori la maji. Mji haufi kwa siku moja ya vita tu. Unaweza kufa pia kidogo kidogo, kamba ya kisima ikiongezwa dhiraa moja kila miaka kadhaa, mpaka siku moja familia ya kwanza inafunga mizigo na jirani anajifanya hakuiona.

Wala waliohama hawakuyeyuka. Walikwenda Mombasa, Lamu, Malindi na vijiji vya jirani, wakachukua lugha, dini, mapishi na namna ya kugawa nyumba. Ndiyo maana mwenzetu aliweza kuitambua nyumba ya bibi yake ndani ya mji uliohamwa miaka mia tatu na zaidi iliyopita.

Mnamo Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tunafurahi. Tunajua pia kwamba orodha hiyo itaongeza mabasi ya hoteli. Kando ya magofu kuna mradi wa vipepeo, Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viluwiluwi vya vipepeo na kuviuza ng'ambo, hivyo msitu ukisimama nao wanapata riziki. Tuliona humo mfano wa kufuata. Kinacholindwa pamoja na watu wanaokizunguka hudumu, na kinacholindwa dhidi yao huishia kuwa uzio.

Ukifika

Kwa mwanachama atakayekwenda, ushauri wetu ni mfupi. Chukua kitambulisho au pasipoti, kwa kuwa raia wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali hawalipi kiingilio sawa. Nenda asubuhi na mapema, kabla ya jua na kabla ya mabasi. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, umuulize juu ya nyumba za udongo. Usiwape kima chakula. Na ushukie njia panda, utembee kipande kilichobaki kwa miguu, kwa sababu mji unaanzia barabarani.

Tuliporudi Midrand tulimchukua mwenzetu wa Tulum, tukapanda Gautrain mpaka Hatfield, tukaenda kutafuta habari za Mapungubwe katika jiji la Pretoria. Tulimweleza kwamba katika makaburi ya mlima ule zilikutwa shanga za kioo kwa maelfu, zilizovuka Bahari ya Hindi, zikapokewa kwenye bandari za pwani na kubebwa mpaka ng'ambo ya mto Limpopo, na kwamba sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliokotwa Zimbabwe Kuu. Watu wa bara hili la kusini na watu wa pwani yetu walikuwa wakipelekeana vitu kabla barabara ya N1 haijaota ndoto ya lami.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya kutoka Malindi mpaka njia panda ya Gede ni kiasi gani. Tukamwambia. Akaiandika.

Na dada yetu wa Malindi? Siku ile, kabla hatujaondoka langoni, aliuliza kiingilio cha watoto ni kiasi gani, akahesabu pesa zake, akapiga simu nyumbani. Jumamosi iliyofuata alirudi Gede na wadogo zake watatu. Sisi tulikuwa tumekwisha panda treni. Alitutumia picha moja tu: mdogo wa mwisho amesimama chini ya tao la Msikiti Mkuu, amenyoosha mkono juu, anajaribu kuugusa ule mkuki.